Sifuri ya Zuena

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, Zuena Shaban alikuwa na mahali pa kupitia kabla ya kwenda nyumbani. Alinawa vumbi la chaki bombani, akavua viatu mlangoni, kisha akaingia katika chumba cha kompyuta cha shule yao, huko Kitendaguro, Bukoba. Alikuwa na miaka kumi na tatu, kidato cha kwanza, na hakuna mahali alipopapenda kuliko chumba kile chenye mapazia mazito na mashine kuukuu zilizonguruma kama watu wenye mafua.

Mashine hizo zilikuwa za msaada, na baadhi zilikuwa zimechoka kabla hata hazijafika Kagera. Hata hivyo, Mwalimu Adventina, aliyefundisha hisabati na kusimamia klabu ya kompyuta, alizipa kazi kubwa. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umerudi kwenye migomba ya wilaya ya Muleba. Majani yalinyauka, ndizi ziliiva kabla ya wakati na kuoza kwa ndani. Panga lililokata mgomba mgonjwa lilibeba ugonjwa hadi kwenye mgomba mzima. Klabu ilitaka kutengeneza modeli, yaani hesabu ndefu ya kompyuta inayoiga jambo la kweli, ili wajue ugonjwa ungeweza kwenda wapi kabla haujafika huko.

Shida ilikuwa ukubwa wa hesabu yenyewe. Kompyuta moja ilipopewa Muleba nzima, iliganda. Zuena ndiye aliyepata njia.

"Tusiipe moja kazi yote," alimwambia rafiki yake Kemilembe walipokuwa wakila mihogo wakati wa mapumziko. "Kila kompyuta ichukue kata yake. Kila mwezi mmoja wa hesabu ukiisha, iwaambie majirani zake ugonjwa uliofika mpakani. Isiende mwezi unaofuata mpaka imesikia kutoka kwa majirani wote."

Kemilembe aliacha kutafuna. "Na wenzetu wa Nshamba nao wana kompyuta. Tutaziunganisha na zetu kwa intaneti."

Njia hiyo ilifaa. Kompyuta za Bukoba na za shule moja ya Nshamba zikawa zinahesabu kwa pamoja, kila moja kipande chake, zikipashana habari za mipakani. Kemilembe alichukua kipande cha kata ya Ijumbi, kwa kuwa bibi yake mzaa mama aliishi huko. Zuena akachukua kipande kilichopakana nacho. Waliaminiana kiasi kwamba kila mmoja alijua neno la siri la kompyuta ya mwenzake.

Kisha Zuena akaugua malaria. Wiki hiyohiyo shule ilitembelewa na afisa kilimo, Bwana Magesa, akiwa ameongozana na mtangazaji wa redio. Jioni Zuena alikuwa amelala, na baba yake, Mzee Shaban, fundi wa pikipiki, alikuwa ameketi kando ya kitanda na redio mapajani ili wasikilize pamoja.

"Wazo la kugawa kazi kwa kompyuta nyingi lilitoka kwa nani?" mtangazaji aliuliza.

"Lilitoka kwangu," sauti ya Kemilembe ikajibu. "Niliona kwamba kila kompyuta ichukue kata yake."

Mzee Shaban akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mtoto wa nani huyu? Ana akili. Zuena, ukipona ukae naye karibu, akuambukize kidogo."

Zuena alijigeuza akatazama ukuta. Homa ilikuwa imeshuka tangu asubuhi, lakini sasa mwili wote uliwaka upya.

Aliporudi shuleni, Kemilembe alimkimbilia na kumpa pole. Zuena alisubiri aseme lolote kuhusu redio. Kemilembe aliongea kuhusu mtihani wa jiografia, akaongea kuhusu mvua, akaongea kuhusu kiranja aliyeanguka kwenye matope. Aliongea haraka, macho yakitazama pembeni. Zuena alielewa kwamba mwenzake anajua alichofanya na hana nia ya kukisema. Hapo akaamua kwamba yeye naye hatauliza. Atalipa kisasi.

Kuanzia siku hiyo alicheka na Kemilembe kama kawaida, wakagawana mihogo kama kawaida, na usoni hakuonyesha kitu. Ndani alikuwa akitafuta mahali pa kumpiga ambapo pangeuma. Hakutaka kumsengenya. Alitaka Kemilembe aaibike kwa jambo lilelile alilojisifia, mbele ya watu walewale waliompigia makofi.

Nafasi ilipatikana kabla ya siku ya kuendesha modeli nzima. Wanafunzi walipokwenda kula, Zuena alibaki nyuma, akakaa mbele ya kompyuta ya Kemilembe na kuandika neno la siri. Katika kipande cha Ijumbi kulikuwa na namba iliyoonyesha jinsi mapanga yanavyoambukiza: katika kila mapanga kumi yaliyokata mgomba mgonjwa, matatu yangepeleka ugonjwa mbele. Zuena aliongeza sifuri moja baada ya nukta. Sasa yakawa matatu katika mia.

"Ijumbi itatokea kijani tupu katikati ya wekundu," aliwaza, akafuta alama za vidole kwenye kibodi kwa mkono wa shati. "Bwana Magesa atamuuliza kwa nini. Tuone atajibu nini."

Siku iliyofuata Bwana Magesa alikuja kuangalia. Kompyuta zilinguruma, miezi ya hesabu ikapita, na hatimaye vipande vyote vikaunganishwa kuwa ramani moja ukutani. Kijani kilionyesha usalama, nyekundu hatari. Zuena alisogea mbele ili auone vizuri uso wa Kemilembe.

Lakini hakuna aliyecheka. Ijumbi haikuonekana kama kiraka cha ajabu. Kwa kuwa kipande cha Ijumbi kilipeleka habari za ugonjwa mdogo kwa majirani zake, majirani nao walitulia, kikiwemo kipande cha Zuena mwenyewe. Rangi zilififia polepole kutoka nyekundu kwenda kijani, na upande ule wote ukaonekana salama kabisa. Ramani ilikuwa ya uongo, lakini ilifanana na kweli.

"Kazi nzuri sana," alisema Bwana Magesa. "Nina gari moja na vibarua wachache. Siwezi kwenda kila mahali kwa wakati mmoja. Nitaanza huku kwenye wekundu. Ijumbi itasubiri." Akamgeukia Kemilembe. "Hongera, binti. Bibi yako alale usingizi."

Kemilembe alitabasamu. Zuena aliuma meno mpaka taya zikamuuma. Badala ya kumwangusha, alikuwa amempandisha.

Angeweza kusema palepale. Angeweza kumfuata Mwalimu Adventina baadaye akiwa peke yake. Lakini kusema mapema kungemwokoa Kemilembe, na Zuena hakutaka aokoke. "Ngoja kwanza," alijiambia. "Ramani ikikosea, kosa litakuwa lake." Basi akangoja, wala usingizi haukumpotea. Kila alipomwona Kemilembe akisifiwa na walimu, alijiambia kwamba anayepanda juu zaidi huanguka vibaya zaidi.

Siku zilipita. Alasiri moja Kemilembe aliingia chumba cha kompyuta akiwa na macho mekundu. Bwana Magesa alikuwapo, amekuja kumweleza Mwalimu Adventina kazi ilivyokwenda kwenye kata nyingine.

"Bibi amepiga simu," Kemilembe alisema. "Migomba yake inanyauka. Na ya majirani. Anasema wakikata, utomvu wa njano unatoka."

Bwana Magesa alikunja uso. "Ijumbi? Lakini ramani yenu ilionyesha Ijumbi ni salama."

Zuena alisimama. Sauti yake ilikuwa tulivu, maana maneno hayo alikuwa ameshayazoea kichwani.

"Mwalimu, labda tufungue kipande cha Kemilembe tuone namba alizoweka."

Walifungua. Mwalimu Adventina alisoma, akasoma tena, kisha akavua miwani. "Kemilembe, hii sifuri imetoka wapi?"

"Sikuandika hivyo, Mwalimu."

"Kompyuta ni yako. Neno la siri ni lako."

"Kweli tena, sikuandika hivyo."

Wanafunzi walianza kunong'ona. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wanaopenda kusifiwa redioni wangejifunza kwanza kuhesabu. Mwalimu Adventina alimwambia Kemilembe akae nje ya klabu mpaka jambo hilo lichunguzwe, na Bwana Magesa hakumtazama tena. Kemilembe alichukua mkoba wake. Alipopita mbele ya Zuena, machozi yalikuwa yakimdondoka kidevuni.

Zuena alihisi raha. Ilikuwa raha ya kweli, kama maji baridi baada ya kulima juani, na alipokuwa akienda nyumbani aliimba njia nzima.

Kemilembe hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye ukuta wa shule akifikiri. Neno lake la siri lilijulikana kwa mtu mwingine mmoja tu duniani. Akakumbuka ile sauti tulivu iliyosema "tufungue kipande cha Kemilembe." Akaacha kulia. Aliposhuka ukutani alikuwa na hasira kuliko Zuena alivyowahi kuwa.

Jumamosi asubuhi klabu ilikutana kuendesha modeli upya. Safari hii kulikuwa na haraka. Bwana Magesa alikuwa ameegesha gari nje, vibarua wakiwa nyuma na majembe yao, tayari kwenda popote ramani mpya ingewaelekeza. Kule Nshamba wanafunzi walikuwa wamewasha mashine zao. Zuena aliandika upya namba sahihi ya Ijumbi, hesabu ikaanza, na Mwalimu Adventina akawatoa wote nje wakamsalimie Bwana Magesa.

Waliporudi, hakuna kilichokuwa kikisogea. Kila kioo kilionyesha mwezi uleule, na chini yake maneno yaleyale: inasubiri jirani. Simu ya Mwalimu Adventina ikaita.

"Mwalimu, ni Sospeter wa Nshamba. Mbona kimya? Za kwetu zote zimesimama. Zinamsubiri mtu mmoja huko kwenu."

Zuena alikimbilia mashine yake. Ilikuwa imezimika, na waya wake wa umeme na ule wa mtandao hazikuwepo. Kila kompyuta ilikuwa ikisubiri neno kutoka kwa jirani yake, jirani akisubiri neno kutoka kwa Zuena, na Zuena hakuwa na waya wa kupeleka neno lolote.

Kemilembe alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Unatafuta hizi?" aliuliza.

"Lete hapa," Zuena alisema.

"Nitaleta ukishamwambia Mwalimu nani aliandika ile sifuri."

"Wewe kwanza umwambie nani aliwaza kugawa kata. Mwambie ulichosema redioni nilipokuwa naumwa."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ndiyo, ni mimi. Na ningerudia."

Walikuwa wamesogeleana mpaka pua zikakaribia kugusana. Wanafunzi wengine walisimama kando, hakuna aliyethubutu kuingilia. Mwalimu Adventina hakupaza sauti. Alisogea akasimama kati yao, akamtazama mmoja, kisha mwingine.

"Kemilembe, wazo lilikuwa la nani?"

Kemilembe aliinamia mkoba wake. "La Zuena," alisema. "Niliulizwa, mdomo ukajibu mimi. Baadaye niliona aibu kurudi nyuma. Kila siku niliposubiri, ikawa ngumu zaidi."

"Na wewe Zuena, ulijua ramani ni ya uongo siku ile Bwana Magesa alipoichukua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza siku zote hizi."

Simu ilikuwa bado wazi mkononi mwa mwalimu, na sauti ya Sospeter ikasikika tena kwa mbali. "Mwalimu, bado tunasubiri."

"Hukumu yenu ipo," alisema Mwalimu Adventina, "lakini Ijumbi haiwezi kuisubiri. Waya."

Kemilembe alifungua mkoba. Zuena alizichomeka, na Kemilembe akainama kummulikia nyuma ya meza kwa simu ya Mwalimu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Hawakusemezana. Mashine iliwaka. Neno lilikwenda kwa jirani, jirani akapeleka mbele, na kule Nshamba wakashangilia kwenye simu. Miezi ya hesabu ikaanza kupita tena.

Ramani mpya ilipotokea ukutani, Ijumbi ilikuwa nyekundu kuliko kata zote.

Bwana Magesa aliitazama, kisha akachukua kofia yake. "Naondoka sasa hivi. Na hawa wawili nitakwenda nao, Mwalimu, ukiniruhusu. Wewe pia uje."

Wazazi walipigiwa simu, wakaridhia. Safari ya kwenda Muleba ilikuwa ndefu kwa watu wasiosemezana. Walipofika Ijumbi, bibi yake Kemilembe, Bi Theopista, alikuwa amesimama kwenye kibanja chake, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Upande mmoja migomba ilikuwa imekunja majani kama miavuli iliyovunjika.

"Nyegera, waitu," aliwakaribisha kwa Kihaya. Zuena na Kemilembe walimwamkia, naye akawaitikia.

Vibarua walianza kung'oa migomba iliyougua. Bwana Magesa aliwaonyesha wasichana jinsi ya kuvunja maua dume ya migomba mizima kwa mti wenye panda, bila kutumia kisu, na jinsi ya kupitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Majirani waliitwa nao wakaonyeshwa. Kazi ilipopamba moto, Bi Theopista alimgeukia Bwana Magesa.

"Mngekuja mapema, bwana, ningepoteza mgomba ule wa pembeni tu. Kwa nini mlichelewa?"

Bwana Magesa alimtazama Zuena, akanyamaza. Kemilembe naye alimtazama, akanyamaza. Yeyote kati yao angeweza kusema. Kemilembe hasa alikuwa na kila sababu, na Zuena aliona jinsi alivyofungua mdomo kisha akaufumba.

"Ni mimi, Bibi," Zuena alisema. Alieleza yote, redio, sifuri, ramani, na jinsi alivyongoja.

Bi Theopista alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Hakukasirika, na hilo lilimuumiza Zuena zaidi.

"Hii migomba aliipanda mama mkwe wangu," alisema polepole. "Nimelisha nayo watoto wangu wote, na huyu mjukuu pia. Aliyekukosea ni Kemilembe. Amekosea, na nitaongea naye mimi mwenyewe. Lakini mimi, mwanangu, nilikusema redioni lini?"

Bi Theopista alimkabidhi Zuena lile jembe. "Chimba. Mizizi yake yote itoke, isibaki hata moja."

Zuena alichimba mpaka viganja vikavimba. Baada ya muda aliona jembe la pili likipiga ardhi upande wa pili wa shina lilelile. Alikuwa Kemilembe. Hawakuombana msamaha saa ile. Walichimba tu, na shina lilipokuwa zito walilisukuma pamoja.

Wiki zilizofuata Bwana Magesa alirudi Ijumbi mara kwa mara. Kibanja cha Bi Theopista kilipoteza upande mmoja, lakini upande uliobaki ulisimama, na majirani waliojifunza kuunguza mapanga yao waliokoa sehemu kubwa ya migomba yao. Ugonjwa haukuvuka kutoka Ijumbi kwenda kata jirani. Mwalimu Adventina aliwarudisha wote wawili klabuni, lakini kwanza kila mmoja alisimama mbele ya wenzake. Kemilembe alisema wazo lilikuwa la nani, na Zuena akasema sifuri ilikuwa ya nani.

Zuena alipomaliza, aliomba kuuliza swali.

"Mwalimu, kwa hiyo nilipaswa kunyamaza nidhulumiwe?"

"Hapana," alijibu Mwalimu Adventina. "Ulidhulumiwa kweli, na hasira yako ilikuwa ya haki. Ila ulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumfuata Kemilembe, umtazame machoni, useme umenikosea, na akikataa uje kwangu. Njia hiyo ingemfikia yeye peke yake. Ya pili ni hii ya kisasi. Ulidhani umempiga Kemilembe, kumbe pigo limempita likampata mzee ambaye hata jina lako hakulijua, likawapata na majirani zake. Kemilembe naye akalipa, akawasimamisha mpaka watoto wa Nshamba. Mwenye kisasi humwona mtu mmoja tu, lakini kisasi chenyewe hakichagui. Kusema ukweli usoni ni kugumu kuliko kuongeza sifuri, najua. Hata mimi huniwia vigumu. Lakini ndiko kungekupa haki yako bila kumng'olea mtu migomba."

Kisha akavaa miwani yake na kuwaambia wawashe mashine, maana vipande vya Muleba vilikuwa bado havijahesabiwa kwa mwezi huo.